Kiti cha Ndege: Ufadhili wa Vyuo vya Marekani Ukitazamwa Kutoka Mraru

Mwaka 1975 wanawake wa Mraru, kijiji cha milima ya Taita kilicho karibu na Voi, walinunua basi. Mabasi ya kuteremka Voi yalikuwa yakifika kwao yamejaa, na nafasi chache zilizosalia zilichukuliwa na wanaume. Mama mwenye mzigo wa kuuza sokoni, au mwenye mtoto wa kupeleka kliniki, aliachwa barabarani. Mazao yalikuwepo, soko lilikuwepo, barabara ilikuwepo. Kilichokosekana ni kiti. Wakachanga kwa miaka kadhaa mpaka basi likaja, na faida yake ikawajengea duka. Mwaka 1980 habari zao zilichapishwa New York katika kijitabu kilichosomwa mbali sana na Voi.

Ninaanza na basi hilo kwa sababu suala la vijana wetu kusomea Marekani kwa ufadhili, ukilifuatilia kutoka mwanzo hadi mwisho, linakwama mahali pale pale. Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitangazwa, tunawabeba watahiniwa bora mabegani na kuamini kwamba aliyepata A njia imemfungukia. Alama hizo humwezesha mtoto kufikiriwa tu. Atakayefika chuoni huamuliwa na gharama zinazotangulia barua ya kukubaliwa na zile zinazoifuata. Gharama hizo ni ndogo zikilinganishwa na karo, lakini ufadhili mwingi hauzigusi, na familia ya mkulima haina pa kuzitoa.

Historia yetu inaonyesha jambo hili waziwazi. Katika miaka ya 1950 Mwafrika wa Kenya aliyetaka shahada alitegemea Makerere, na kuanzia 1956 chuo cha ufundi cha Nairobi kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nafasi zilikuwa haba mno. Vijana wakaanza kuviandikia vyuo vya Marekani wenyewe, barua baada ya barua, na vyuo vingi, vikiwemo vya makanisa na vya Wamarekani Weusi, vikajibu kwa kuwapa nafasi na kuwasamehe karo. Wakabaki na barua mkononi bila nauli. Hapo ndipo mwanasiasa Tom Mboya alipoingia. Yeye na mfanyabiashara William Scheinman waliunda African American Students Foundation, na Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata waliokuwa na barua waliongezeka, na serikali ya Marekani ikakataa kulipia ndege. Julai 1960 Mboya akamwendea Seneta John F. Kennedy huko Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alisafiri mwaka huo, akaingia Mount St. Scholastica katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Kufikia 1963 waliosafirishwa walikaribia 800. Tunaposimulia habari hizi tunamtaja Kennedy na tunazitaja ndege, na mara nyingi tunasahau kwamba hitaji lililomfikisha Mboya mlangoni kwa Kennedy lilikuwa usafiri. Nafasi za masomo zilikuwa zimekwisha kupatikana. Huku nyumbani, wazazi waliuza mifugo na kuandaa karamu za chai ili kijana asiondoke mikono mitupu.

Taita nako kuna kumbukumbu ya njia hii. Wundanyi kuna Shule ya Upili ya Dr. Aggrey, na nadhani wengi waliopita darasani humo hawakuwahi kuambiwa kwamba James Aggrey alikuwa kijana wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyepelekwa na kanisa la A.M.E. Zion mwaka 1898 kusoma Livingstone College, North Carolina. Mwaka 1924 alipita Afrika Mashariki pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kanisa ndilo lililobeba safari yake. Tangu wakati wa Aggrey hadi wakati wa Mboya, kila aliyevuka bahari alikuwa na mtu au kikundi kilichoshughulikia sehemu ambayo chuo hakikuigusa.

Sasa tuutazame ufadhili wenyewe ulivyo leo, maana neno hili limebebeshwa mengi. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kupata msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo tegemeo lake ni pesa za chuo chenyewe au za wakfu wa nje. Vipo vyuo vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpokea mgeni bila kuangalia uwezo wa familia yake, kisha hufidia upungufu wote. Kundi la pili ni vyuo vyenye fungu la wageni, lakini huhesabu: watoto wawili wakilingana kwa kila kitu, anayehitaji kidogo humpita anayehitaji kingi. Vyuo vingi vya majimbo humpunguzia mgeni wa shahada ya kwanza sehemu tu ya karo, au havimpi chochote. Peke yake kabisa kuna Berea College ya Kentucky, ambayo haitozi karo na humgharamia kila mwanafunzi wa kigeni katika mwaka wake wa kwanza. Nafasi zake kwa wageni ni chache, na zinaombwa na dunia nzima.

Basi mzazi akisikia mwanawe amepata ufadhili wa dola 45,000, na aombe kuiona fomu ya I-20 kabla ya kualika majirani. Fomu hiyo hutolewa na chuo, na bila hiyo hakuna viza. Ukurasa wake wa kwanza una safu mbili. Ya kwanza inaorodhesha gharama za mwaka: karo, malazi na chakula, vitabu, bima ya afya. Ya pili inaonyesha pesa zinakotoka: za mwanafunzi mwenyewe, za chuo, za mfadhili mwingine. Jumla ya safu ya pili sharti isipungue ile ya kwanza. Tuseme gharama ni dola 60,000 na chuo kinatoa hizo 45,000. Dola 15,000 zinazobaki zitaandikwa kwa jina la familia. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 1,935,000, na ni za mwaka mmoja wa minne. Nimewahi kuwatazama wazazi wakisoma safu ile ya pili, kidole kikishuka polepole, kikasimama kwenye mstari wao. Mtoto keshaimbiwa kanisani, na sasa hakuna anayejua aanze vipi kuwaambia watu kwamba haendi.

Hata pale chuo kinapolipa yote, gharama za mlangoni zinabaki. Kuna mtihani wa SAT kwa vyuo vinavyoudai, na mtihani wa Kiingereza. Vyuo vingi hukubali ule wa Duolingo, ulio wa bei nafuu na unaofanyiwa nyumbani, ila unataka kompyuta yenye kamera, chumba kisicho na sauti ya mtu mwingine na intaneti isiyokatika hata kidogo. Ada za maombi zinaweza kusamehewa kwa anayejua kuomba msamaha huo. Kuna pasipoti. Kisha mwanafunzi hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za viza. Jumla ni dola 535, karibu shilingi 69,000, na za viza hazirudi ukinyimwa. Mahojiano hufanyika ubalozini Gigiri, Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi, na huchukua dakika chache mbele ya afisa ambaye sheria inamtaka amchukulie kila mwombaji kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Mwaka 2025 mahojiano mapya ya wanafunzi yalisimamishwa kwa wiki kadhaa kati ya Mei na Juni. Yaliporudi, waombaji walitakiwa kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe.

Kuna kikwazo kingine kinachosemwa kwa nadra, nacho ni kalenda. KCSE hufanywa Novemba na matokeo hutoka Januari, wakati ambapo vyuo vingi vinavyotoa ufadhili mnono vinafunga milango, mara nyingi katika siku za kwanza za mwezi huo. Kwa hiyo mtoto wetu huomba mwaka unaofuata, hujibiwa Machi, na huondoka Agosti. Kutoka matokeo hadi ndege ni miezi 19. Katika muda huo KUCCPS, idara ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, inampangia chuo cha hapa nchini na rafiki zake wanaripoti mmoja mmoja. Akiripoti naye, vyuo vingi vya Marekani vitamhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhama, na fungu la wageni kwa wanaohama ni dogo zaidi, kama lipo. Asiporipoti, anakaa nyumbani mwaka na nusu, na majirani wanauliza mbona yule wa A bado yuko hapa akichunga mbuzi. Ninaamini miezi hii imewapoteza vijana wengi wa vijijini kuliko SAT ilivyowapoteza.

Ukizitazama programu zilizofanikiwa Kenya, utaona kwamba zote zimeuziba mwanya huu kwa namna fulani. KenSAP ilianzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 kule Munich 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners. Ilichukua wanafunzi bora wa Bonde la Ufa, ikawaandaa kule Iten kwa mitihani na maombi, na ikawafikisha katika vyuo vyenye ushindani mkali kabisa. Zawadi Africa ya Susan Mboya, binti wa Tom Mboya, imefanya hivyo kwa wasichana tangu 2002. Benki ya Equity ilikwenda mbali zaidi: iliwaajiri watahiniwa bora wa kila wilaya katika matawi yake kabla ya chuo, kisha ikawashauri kuhusu maombi ya nje. Ule mshahara wa miezi ya kungoja, kwa maoni yangu, ndio siri ya programu hiyo. Mtoto hakai nyumbani akiulizwa maswali. Yuko kazini, ana pesa ya nauli ya mahojiano, na ana kompyuta mbele yake.

Upande wa michezo unafundisha jambo hilo hilo. Miaka ya 1970 kocha John Chaplin wa Washington State, kule Pullman, aliwachukua Samson Kimobwa na Henry Rono, na mwaka 1978 Rono akavunja rekodi nne za dunia katika siku 81 akiwa mwanafunzi. Mtanzania Suleiman Nyambui alikimbilia Texas El Paso na akachukua fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Mike Boit mwenyewe alisomea Eastern New Mexico, kisha Stanford na Oregon. Wesley Korir alipita Louisville, akashinda mbio za Boston mwaka 2012, akawa mbunge wa Cherangany. Vipaji vilikuwepo Bonde la Ufa, ndiyo, lakini palikuwepo pia mnyororo: aliyetangulia alimtajia kocha jina la anayefuata, akamtumia fomu, akampokea uwanja wa ndege. Mtoto wa Mraru anayekimbia vizuri hana kaka wa kijiji aliyekwisha kufika Pullman wala El Paso.

Kaunti yetu ya Taita Taveta ina uzito wake wa ziada. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya hifadhi za Tsavo, na palipobaki ndovu huingia shambani usiku mmoja wakamaliza mahindi ya msimu. Kipato cha namna hiyo hakimwachii mzazi shilingi 69,000 za kuhatarisha kwa mahojiano ya dakika chache. Basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ya kaunti zimewasaidia watoto wengi kubaki shuleni, lakini zimeundwa kulipa karo kwenye akaunti ya shule au chuo cha hapa. Ukienda na risiti ya SEVIS, hakuna safu ya kuiandika. Walimu nao wamelemewa. Chuo cha Marekani kinataka barua ya mwalimu anayemfahamu mwanafunzi kwa undani, maelezo kuhusu shule na matokeo ya miaka minne. Katika shule ya kutwa yenye walimu wachache, naibu mkuu huiandika barua hiyo usiku baada ya kusahihisha, kwa kupenda tu, na mara nyingi ni ya kwanza ya aina hiyo maishani mwake. Mwenzake wa shule ya kimataifa Nairobi ana ofisi nzima ya kazi hiyo.

Pengo kama hili huvuta matapeli. Mabango ya mawakala wa masomo ng'ambo yamejaa kila mji, na wengine huuza kama siri fomu ambazo chuo hutoa bure. Ushauri wa EducationUSA, unaotolewa chini ya ubalozi wa Marekani, haulipiwi, na ni vyema kila mzazi alijue hilo kabla hajafungua pochi. Lakini tapeli si hatari pekee. Mpango wa masomo ya ng'ambo wa kaunti ya Uasin Gishu ulikuwa wa serikali, na wazazi waliweka pesa katika akaunti ya mpango kwa ajili ya watoto waliokwenda Finland. Karo hazikufika vyuoni kama ilivyotarajiwa, wanafunzi wakatishiwa kufukuzwa, na mwaka 2023 waliokuwa viongozi wa mpango walifikishwa kortini kwa kesi ya zaidi ya shilingi bilioni moja, wakakana mashtaka. Kuamua kosa ni kazi ya korti. Kwa mzazi, jambo la kuzingatia ni mahali pesa zilipopita: hazikwenda moja kwa moja kutoka kwake hadi chuoni, zilikaa katikati.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa pwani na Taita tungeweza kuutumia zaidi, nao ni Kiswahili chenyewe. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani. Programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha huwapeleka vijana wenye shahada kwa mwaka mmoja wa masomo, ikiwalipia usafiri na posho. Vyuo kama Ohio kule Athens kwa miaka mingi vimewapa wanafunzi wa uzamili kutoka Kenya na Tanzania kazi ya kufundisha Kiswahili, huku karo ikisamehewa na posho ikitolewa. Ufadhili wa ngazi hii kwa kawaida ni kamili zaidi kuliko wa shahada ya kwanza, kwa sababu chuo kinamhitaji mwanafunzi kama mfanyakazi. Sayansi hufuata utaratibu huo huo wa kazi za utafiti. Kijana aliyekosa Yale akiwa na miaka 19, akasoma ualimu wa Kiswahili na historia hapa nchini, au uhandisi wa migodi pale Chuo Kikuu cha Taita Taveta, huenda akavuka akiwa na miaka 24 bila familia kuandikwa kwenye ile safu ya pili. Tunawavunja moyo watoto wengi kwa kuwafanya waamini kwamba nafasi huja mara moja tu, baada ya kidato cha nne.

Na wakienda, watarudi? Waliosafiri na ndege za Mboya walirejea katika nchi iliyokuwa ikipata uhuru, ofisi za Wazungu zikiachwa wazi, na kazi ikawangojea. Anayehitimu leo anaruhusiwa kufanya kazi Marekani kwa miezi 12 baada ya shahada, na hadi 36 akiwa wa sayansi au teknolojia, huku nyumbani wenye shahada wakizunguka na bahasha. Simlaumu anayebaki. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, takriban nusu zikitoka Marekani, na sehemu yake imejenga nyumba na kulipa karo katika vijiji kama Mraru. Lakini pesa inayotumwa humfikia ndugu wa aliyetuma. Jirani aliyechangia nauli anabaki na picha ya mahafali kwenye simu. Ndiyo maana naona mchango wa kijiji uwe mkopo usio na riba, unaorudishwa kidogo kidogo mhitimu aanzapo kazi, awe Dallas au Mwatate, ili umnunulie kiti anayefuata. Kumfunga kwa kiapo cha kurudi hakutekelezeki, na kumsamehe kabisa kunaumaliza mfuko.

Hesabu yake inawezekana. Kaya 40 zikitoa shilingi 500 kwa mwezi, ni shilingi 20,000. Kuanzia Januari ya matokeo hadi Agosti ya mwaka wa pili, miezi 19, ni shilingi 380,000. Tukichukua nauli ya kwenda kuwa 110,000, watoto wawili wanalipiwa SEVIS, viza na ndege kwa 358,000, na 22,000 zinabaki kwa mitihani na pasipoti. Vyama vya akina mama vinazungusha pesa za kiasi hicho kila mwaka. Kinachotakiwa ni masharti machache yaandikwe mapema: malipo yafanywe moja kwa moja kwa SEVIS, ubalozi na shirika la ndege, kamwe yasipitie kwa wakala, I-20 isomwe mbele ya kikao, na ikionyesha upungufu ambao familia haiwezi kuuziba, mchango usubiri mwombaji mwingine, na katika miezi ile ya kungoja, mtoto apewe kazi ya kufundisha wadogo zake hesabu na Kiingereza jioni, kwa posho, palipo na umeme na mtandao.